Kabati Kabla ya Mfungo

Jumamosi, 8 Februari 2025, Tabata

Mfungo unakaribia. Ukishaandama mwezi, jioni zote ni za jikoni, basi kabati nimelishika leo. Nimemwaga nguo zote kitandani na bado masanduku ya juu sijayagusa. Mlango mmoja ni wa Baba Salma, naye anautumia nusu. Mingine yote ni yangu.

Zilizoota kawa zimetoka bila kesi. Mvua za mwaka jana zilikuwa ndefu, ukuta wa nyuma ya kabati ukashika unyevu, na pamba nyeupe ndizo zilizoumia: madoadoa meusi ambayo hata jiki haiyatoi bila kula uzi. Lastiki nazo zimekufa. Nilidhani sketi isipovaliwa inajitunza, kumbe joto la Dar linaila lastiki humo humo gizani. Ukiivuta inatoa mlio mkavu na hairudi.

Hizo ni rahisi. Nguo iliyooza haina wa kuitetea.

Jumapili, 9 Februari

Leo nimetenga sare, na hapa ndipo penye habari. Kitenge cha harusi ya mtoto wa mjomba. Lesi ya zambarau ya sendofu. Satini ya kijani ya kichen pati, yenye mgongo wazi ambao sitautoa tena hadharani. Dera la maulidi la kikundi chetu. Nyingine hata sikumbuki ni ya nani, mpaka nitafute picha kwenye simu.

Utaratibu wake kila mwanamke wa mji huu anaujua. Kamati inatangaza rangi kwenye kundi la WhatsApp, unalipia kitambaa, unamfuata fundi, fundi anakupiga kalenda mpaka usiku wa kuamkia shughuli. Mchango wa harusi ni mbali, zawadi mbali. Sare unaivaa kwa saa sita, tena nusu ya muda huo uko kwenye foleni ya chakula. Baada ya hapo imekwisha, maana kila aliyekuwepo anajua ni ya shughuli ya nani, na ukienda nayo kwingine utaulizwa kwa macho.

Ndoa moja kati ya hizi imeshavunjika. Gauni lake bado jipya.

Kwa hiyo kabati halikujazwa na tamaa yangu, kama anavyosema mwenye mlango mmoja. Limejazwa na kamati.

Jumanne, 11 Februari

Salma amenisomea ushauri wa Marie Kondo, yule Mjapani wa kupanga nyumba: shika nguo mkononi, jiulize kama inakupa furaha, isipokupa ishukuru na uiache iende. Kushukuru nguo nimekupenda. Lakini furaha si kipimo cha kutosha huku kwetu. Baibui langu la kuzikia halinipi furaha hata kidogo, na siku ya msiba sitaki kulitafuta. Nimeweka swali langu: nitaivaa wapi, tena lini? Pakipatikana jibu la kweli, inabaki. "Nikipungua" si jibu. "Huenda ikatokea shughuli" nalo si jibu.

Jinzi mbili na blauzi zimeanguka kwenye swali hilo.

Mchana amepita dada wa mali kwa mali, beseni kichwani, vyombo vinagongana. Nimempa rundo, tukavutana. Yeye anataka jinzi na nguo za watoto, lesi za shughuli haziangalii: "Mama Salma, hii nani atanunua? Imeshonwa kwa mwili wako." Nimepata sufuria yenye mfuniko na vikombe. Jinzi moja niliinunua Karume kwenye mtumba, na sasa imerudi barabarani, labda inaelekea mnadani mkoani. Ilitoka kabatini kwa mtu wa ng'ambo aliyekuwa anapunguza nguo kama mimi.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ilipokunja uso, wengi walirudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ya kuingia soko la Marekani bila ushuru. Naikumbuka habari hiyo kila ninapoona robota linafunguliwa na watu wanarukia. Mtu akimaliza na nguo huko kwao, inakuwa siasa huku kwetu.

Ijumaa, 14 Februari

Shangazi kaja baada ya swala. Nimemshushia sanduku la khanga za marehemu mama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hizi nazo unazigawa?"

"Napunguza tu, shangazi."

"Khanga haipunguzwi. Khanga inashushwa cheo."

Akaanza kupanga. Doti mpya ambazo hazijakatwa, bado zina wanga, upande mmoja: hizo ni za kwenda kumwona mzazi, au za kumpa mgeni anayeondoka. Zilizolainika ni za kujifunga nyumbani na kulalia. Zilizochujuka ni za kumbebea mtoto mgongoni. Zilizotoboka ni nepi, na mwisho kabisa dekio. Mumo humo tukakuta doti ya kiwanda cha Urafiki, pale Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Rangi bado imeshika. Shangazi ameifunga pale pale na kuendelea kuongea, nami sikuuliza kama anairudisha.

Nimebakisha khanga zote. Nguo yenye kazi tano zinazoingojea haiwezi kuwa mzigo. Gauni la kazi moja iliyokwishafanyika ndilo mzigo.

Jumamosi, 22 Februari

Kwa fundi na furushi la sare. Amezigeuza ndani nje, akaangalia mishono. Kitenge kina akiba ya kitambaa pembeni, atakifumua na kukitanua kiwe gauni la kazini, akitoa yale mabawa ya mabegani. Dera halihitaji kitu, nitafuturia nalo. Zambarau itakuwa mto wa kochi. Satini kaikataa: ukiifumua, matundu ya sindano ya zamani yanabaki yanaonekana. Salma na wenzake wataichezea.

Alhamisi, 27 Februari

Jana kwenye vunja jungu wametuunganisha kwenye kundi jipya. Harusi ni baada ya Idi, rangi ni maji ya bahari, kitambaa kinachukuliwa kwa mweka hazina. Nimeandika kwamba mchango wangu wote nimetuma na siku hiyo nitakuja na kitenge nilicho nacho. Mmoja kaweka alama ya kucheka. Wawili wamenifuata pembeni kuuliza kama inaruhusiwa, nikawajibu kwamba sikuomba ruhusa.

Mchango umepokewa. Kitambaa sichukui.