"Huko Juu" ni Wapi?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndugu msomaji, methali hii niliielewa barabara siku mdogo wangu wa gredi ya tatu aliporudi nyumbani akiburura miguu kwa njaa. Uji wa saa nne ulikuwa umesimamishwa katika shule yake hapa Nairobi. Mama yangu, ambaye huuza mboga, alifunga kibanda akaenda kuuliza. Akajibiwa kwa upole, "Mama, hayo yameamuliwa huko juu."

Jioni akatuuliza, "Ati huko juu ndiko wapi? Kuna mlango nibishe hodi?" Sikuwa na jibu.

Muhula huohuo, chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala: Je, halmashauri ya shule za umma za jiji ichaguliwe na wananchi? Mimi nilikuwa mtetezi. Katika kujiandaa nilisoma habari za jiji la Chicago, Marekani. Tangu mwaka 1995, meya ndiye aliyekuwa akiteua halmashauri nzima ya shule za jiji hilo. Mwaka 2013 halmashauri hiyo iliamua kufunga shule zipatazo 50, nyingi zikiwa katika mitaa ya Wamarekani weusi. Wazazi waliandamana na kusihi, lakini hawakuwa na kura ya kumng'oa hata mjumbe mmoja. Hawakukata tamaa. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, na Novemba 2024 wakazi wakachagua wajumbe 10 kwa mara ya kwanza, meya akateua 11. Sheria hiyo inataka wote 21 wawe wa kuchaguliwa kuanzia Januari 2027.

Wapinzani walikuja juu. "Mnataka kuleta siasa darasani! Wenye pesa watanunua viti!" Hapo sikubisha, kwa maana hata Chicago mamilioni ya dola yalimwagwa katika kampeni. Nilisema hivi tu: aliyeteuliwa naye ana bwana wake, na humtazama huyo aliyemteua. Aliyechaguliwa, apende asipende, lazima arudi kwa mama mboga kuomba kura. Siku hiyo ataulizwa habari za uji.

Kwetu Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imewapa wazazi wajumbe 6 wa kuchaguliwa katika halmashauri ya shule. Lakini ukipanda ngazi hadi Bodi ya Elimu ya Kaunti, wajumbe huteuliwa na Waziri. Mbona basi tuaminiwe kuchagua chini, tusiaminiwe juu? Si ni watoto walewale?

Kura zilipopigwa, tulishindwa kwa kura nne. Niliumia, sitaki kudanganya. Hata hivyo sikununa. Niliiona mikono iliyoinuliwa, niliihesabu, na wenyewe nawajua kwa majina. Muhula ujao nitawafuata mmoja mmoja niwashawishi.

Mama yangu hajawahi kuiona mikono iliyomnyima mwanawe uji. Hajui amfuate nani. Hilo tu ndilo ninalolitetea, ndugu msomaji: "huko juu" kuwe na mlango, na mama aweze kuubisha.