Mtoto Anataka Dragi na Hamna Pesa? Anza na Magurudumu ya Baiskeli

Wacha nianze na kitu sijivunii. Mwaka mzima nilikuwa nashuti video za vijana wakishindana na nduthi usiku kwenye barabara ya Kisumu, huku Kakamega. Nilisimama kando ya barabara na simu, taa imewashwa, napiga nduru. Hizo video zilikuwa zinatembea kuliko kitu kingine chochote nimewahi kupost. Nikienda Joyland, watoi wananijua: "Si huyu ndiye wa nduthi?"

Kisha Disemba, binamu yetu alianguka. Hakufa. Ako na chuma kwenye mguu na anatembea akiegemea upande mmoja. Usiku huo nilikuwa nimeshika simu, na kitu cha kwanza nilifanya nikisikia kishindo ni kuangalia kama bado inarekodi. Sijawahi kuambia mathe hiyo sehemu.

Kilichonimaliza si hospitali. Wiki mbili baadaye nilipata ndugu yetu wa mwisho, miaka 10, ameketi nyuma ya nyumba akitazama hizo video zangu moja baada ya nyingine. Ana kalamu na kitabu cha hesabu. Alikuwa anahesabu sekunde. Nani ametoka haraka, nani amechelewa, nani alimpita nani wapi. Ukurasa mzima.

Akaniambia, "Siz, huyu wa jaketi nyekundu hana nduthi yenye nguvu. Anatoka tu mapema."

Nilifuta video zote usiku huo. Lakini nilijua kufuta hakutoshi. Kitu kilikuwa kimeshaingia kwa kichwa cha huyo mtoto, na ukweli ni kwamba si kitu kibaya. Kibaya ni mahali alikipata.

Mathe alikuwa na suluhisho moja: "Asisikie tena hizo mambo." Wasee, tuwe wakweli. Umewahi kumkataza mtoto wa miaka 10 kitu akaacha kukipenda? Anaacha kukuambia tu. Akifika 16 atakuwa pale barabarani na mtu mwingine ndiye atakuwa ameshika simu.

Kwa hivyo nilianza kusoma. Nikapata kwamba Marekani dragi ya watoto ni mchezo kamili. Ulianza 1992 huko New Jersey, wakati Vinny Napp, mwenye uwanja wa mbio wa Englishtown, alimtengenezea mtoto wake gari la dragi la nusu ya ukubwa wa kawaida, likiwa na injini ndogo ya nguvu za farasi 5. Shirika la NHRA likaufanya ligi. Watoto wanaanza na miaka 5 hadi 17. Wanakimbia mita 201 hivi, mstari ulionyooka, wawili wawili. Wa miaka 5 hashindani na mtu kabisa, anakimbia peke yake ajifunze. Kasi inapimwa kulingana na umri, na ukipita kikomo chako unatolewa.

Kwetu hakuna kitu kama hicho. Kenya tuna motokrosi ya watoto pale Jamhuri Park, Nairobi, wanaanza na pikipiki za 50cc. Tuna autokrosi yenye darasa la watoto linaloitwa Bambino. Maxine Wahome, aliyeshinda WRC3 kwenye Safari Rally ya 2022, alianzia motokrosi kabla ya kuingia gari. Lakini babake pia ni dereva wa rally. Ukiangalia wengi wanaofika mbali kwa huu mchezo, utapata baba, mjomba au familia nzima iko ndani. Kuna gari, kuna fundi, kuna trela ya kubebea, kuna wikendi za bure. Mimi niko Kakamega na mathe anauza nguo sokoni. Nauli ya kwenda na kurudi Nairobi kwa watu wawili ni bajeti ya chakula ya wiki.

Hapo ndipo wengi wetu huachia. "Hiyo ni ya wadosi." Na ni kweli, kama unafikiria injini kwanza.

Lakini kuna kitu nilipata ndani ya hizo sheria za dragi ambacho kilinifanya niache kulala. Kwenye mfumo wanaotumia sana watoto, kabla ya mbio kila dereva anaandika muda wake. Tuseme wewe unasema utamaliza kwa sekunde 14, mimi nasema 16. Basi mimi naondoka sekunde 2 mbele yako. Kila mtu akitimiza alichosema, tunafika pamoja, na anayeshinda ni yule aliyeitikia taa haraka zaidi. Ukiondoka kabla ya taa ya kijani, umepoteza. Na sasa sikiza hii: ukimaliza haraka kuliko muda uliosema, pia umepoteza.

Soma tena hapo. Huwezi kushinda kwa kuwa na mashine kali tu. Unashinda kwa kuijua mashine yako na kusema ukweli kuihusu. Mkokoteni wa mbao unaweza kumpiga wa milioni moja, mradi dereva wake anajijua. Manze, huo mchezo ulitengenezewa watu hawana pesa, ni vile tu hawakutuambia.

Na si ati ni kitu kigeni kwetu kushinda na chuma chakavu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapo tu, alishinda Safari ya 1965 na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo iliyokuwa imeshatumika. Mitumba, kwa Kiswahili chetu.

Basi tukaunda kigari. Hakina injini. Kinashuka mteremko. Nitawapa hesabu yote kwa sababu watu huficha hapa.

Jaribio la kwanza lilikuwa beringi, zile kuukuu za garaji, kama vigari tulivyokuwa tunaunda zamani. Kosa. Beringi zinataka lami, na mteremko wenye lami ni barabara ya magari. Hapo unarudi kulekule ulikotoka. Kwa mchanga na murram zinazama. Kwa hivyo kanuni ya kwanza: chagua mahali kabla ya kuchagua magurudumu.

Tulipata njia ndani ya uwanja wa kanisa fulani, murram ngumu, mteremko wa mita 60 hivi, na chini kuna nyasi tambarare za kusimamia. Geti linafungwa. Nilienda kumwomba mzee wa kanisa nikiwa nimevaa leso, kwa heshima zote. Akauliza maswali mengi kuliko mwalimu. Mwishowe akasema, "Jumamosi baada ya kwaya. Mtoto akiumia hapa, mimi na wewe hatutajuana." Sawa, mzee.

Magurudumu manne ya baiskeli za watoto, kutoka kwa mtu wa skrapu: 600. Mbao za masalio kwa seremala: 300. Vyuma viwili vya ekseli pamoja na kuchomelea pale jua kali: 700. Nati na bolti: 150. Kamba ya usukani: 50. Breki ni mti wenye kipande cha tairi kuukuu unaosugua ardhi ukiuvuta: bure. Jumla 1,800.

Halafu helmeti, 2,000, mpya. Hapa sitaki mjadala. Usinunue iliyotumika, kwa sababu helmeti ikishagonga mara moja inaweza kuwa imepasuka ndani na hutajua kwa macho. Na iwe ya saizi ya mtoto. Ukimvalisha ya mtu mzima inazunguka kichwani kama sufuria. Glavu 200. Viatu vya shule, suruali ndefu. Yote pamoja 4,000. Niliuza taa yangu ya kushutia video nikaongezea kidogo. Nusu ya bajeti ilikuwa usalama, na hivyo ndivyo inafaa kuwa.

Fundi wa kuchomelea alinicheka kwanza. "Madam, mbona usimwekee injini ya nduthi tu? Nina moja hapa, nakupea bei poa." Na dogo alikuwa amesimama hapo, macho yametoka. Nikasema hapana. Watu wa Isukha wataelewa hii: hakuna mtu hupeleka ndama Khayega kupigana na fahali aliyekomaa ati kwa sababu ndama ana hasira. Unamlisha, unamzoesha, unangoja. Mtoto ambaye hajui kusimama hapaswi kuongezewa kasi. Wiki mbili za kwanza zoezi letu lilikuwa breki tu. Robo ya mteremko, simama. Nusu, simama. Alichukia. Alinuna. Tukaendelea.

Taa hatuna. Tunatumia vitambaa: nashika cha njano juu, nakiangusha, kisha nainua cha kijani. Kila kigari kina mtu wake wa muda na simu yake. Si sahihi kama mitambo ya Marekani inayopima sehemu za elfu za sekunde, lakini mtoto anaelewa.

Mpinzani wa kwanza alikuwa msichana wa jirani, gredi 5, ambaye babake ni seremala. Kigari chao kizito, cha polepole, kinalia kama mlango wa posho mill. Dogo alikitazama akacheka. Akaandika muda wake: 14. Msichana akaandika 17. Kwa hivyo msichana akatangulia sekunde 3.

Dogo alimpita karibu na mwisho, mikono juu, anapiga kelele. Nikaangalia simu. Sekunde 13.2. Alikuwa amedanganya. Mazoezini alikuwa anafanya 13 na kitu kila mara, akaandika 14 ili aonekane ameshinda kwa mbali. Msichana alifanya 17.3.

Nikamwambia amepoteza.

Wasee, alilia. Alitupa helmeti kwenye nyasi. Akaniambia kitu ambacho bado kinaniuma: "Kwa video zako mtu wa kwanza ndiye alikuwa anashinda."

Sikuwa na jibu la haraka. Nikaketi naye hapo chini. Nikamwambia ukweli, ule ambao sijaambia mathe. Kwamba kwa video zangu hakuna mtu alikuwa anashinda. Kwamba usiku ule nilikuwa naangalia simu wakati binamu yetu alikuwa chini. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaenda akaokota helmeti, akaipangusa, akaniuliza kama kuanguka kwenye nyasi kumeiharibu. Tukaikagua pamoja, akaapa hataitupa tena.

Jumamosi iliyofuata aliandika 13.3. Akamaliza 13.4. Msichana akaandika 17.2, akamaliza 17.2. Msichana akashinda tena. Safari hii dogo hakulia. Alienda kumuuliza anafanyaje kuondoka vizuri hivyo. Akaambiwa, "Usiangalie kigari changu. Angalia kitambaa." Sasa wana kitabu kimoja cha hesabu, wanaandikia pamoja.

Maoni yangu ni haya, na mnaweza kubishana. Tukiona vijana wakishindana barabarani usiku tunasema ni wakora, polisi wawashike. Sheria iko wazi, kushindana barabarani bila ruhusa ni kosa, na sitetei mtu. Lakini tunafunga barabara kwa ajili ya marathoni, kwa ajili ya maandamano ya dini, kwa ajili ya mwanasiasa mmoja kupita. Kufunga mteremko mmoja saa mbili Jumapili moja kwa mwezi, watoto washuke na vigari vyao, kuna ubaya gani? Mafundi wa jua kali tunao. Mbao tunazo. Milima Kakamega tumejaliwa, hata hatukuomba.

Na wewe mwenye mtoto au ndugu mdogo anayependa magari, usingoje pesa ya injini. Anza na mahali salama, breki, helmeti, na sheria moja: sema muda wako, na useme ukweli. Akikaa kwa hiyo miaka miwili mitatu, basi mpeleke Nairobi mara moja aone motokrosi na autokrosi zinavyofanywa. Kama bado anataka, uliza Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya kuhusu leseni za watoto. Kama hataki tena, umepoteza 4,000 na amejua kushika spana.

Binamu yetu alikuja wiki jana. Aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mteremko, mguu umenyooshwa, ndiye alishika muda. Mathe alikuja pia, mara ya kwanza. Hakusema kitu. Alisimama kando ya nyasi na mkoba mkononi mpaka dogo akavuta breki na kigari kikasimama kabisa. Ndipo akaketi.

Sijashuti video ya hiyo siku. Mniwie radhi.