Chang'ombe, mahali fundi anapopima kwanza

Gari la rafiki yangu mmoja lilikuwa na ugonjwa wa kugoma kila asubuhi. Fundi wa gereji ya chini ya mwembe akasema betri imekufa. Ikanunuliwa mpya. Wiki mbili baadaye, kimya. Safari hii akasema stata. Pesa ikatoka tena. Lilipogoma mara ya tatu nikajiuliza, jamani, hii kazi inasomewa wapi?

Basi siku hiyo nikadandia daladala, nikashuka kituo cha Veta, Chang'ombe, Temeke, upande ule wa viwanja vya Uhuru na Benjamin Mkapa. Hapo pana chuo cha VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Kwenye karakana unapokewa na harufu ya grisi na kelele za nyundo. Usidhani ni wanaume watupu. Dada mmoja, ovaroli imemkaa kama gauni la sendofu, alikuwa ameinamia injini na kipimo cha umeme mkononi. Nikamsimulia mkasa wa betri. Akacheka.

"Kaka, kabla ya kununua, pima. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima inasoma volti 12 na nusu hivi. Ukiwasha inatakiwa ipande karibu na 14. Isipopanda ujue haichajiwi, hata ununue betri 10 zitakufa zote. Angalia mkanda, halafu angalia kaboni za altaneta."

Pembeni yake alikuwepo mshikaji aliyekula miaka 6 Gerezani. Huyo injini anaisikiliza tu, anakwambia inaumwa nini. Aliwahi kuitwa kwenye kampuni moja, akafungua injini na kuifunga mbele ya mabosi, wakampigia makofi. Halafu wakaomba cheti. Akarudi kijiweni mikono mitupu.

"Nilikuja hapa kutafuta karatasi tu," akaniambia. "Kumbe kule nilikuwa najua gari limepona, ila sijui kwa nini limepona."

Neno hilo nilitembea nalo hadi kituoni.

Msomaji, usikimbilie kumwita fundi wa mtaani mwizi. Wengi wanabahatisha kama walivyofundishwa na waliowatangulia. Na mlango haujafungwa: VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini, na anayefaulu anapewa cheti bila kuanza moja.

Gari la rafiki yangu? Kaboni za altaneta zilikuwa zimekwisha. Kitu kidogo kuliko kidole, bei yake haifiki hata robo ya betri.

Nilirudi kwa yule fundi wa mwembeni nikamweleza yote. Nilitegemea atanuna. Akajifuta oili mikononi, akatazama pembeni vijana wake wasitusikie, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hivi, na sisi wazee wanatupima?"