Picha Huria na Adabu ya Kutaja Jina

Mwalimu wa Kiswahili hapa Bujumbura hapungukiwi na wasemaji. Akiingia mtaa wa Buyenzi, lugha anaikuta gerejini, msikitini na sokoni, hai na yenye ladha yake. Linalompungukia ni vielelezo. Vitabu vingi vitufikiavyo vilitungiwa watoto wa Tanzania na Kenya. Humo mna majahazi, minazi na mikoko, vitu vizuri vyote, lakini mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika huvitazama kama mgeni atazamavyo vyombo vya nyumba ya watu.

Ndiyo maana picha huria zimekuwa neema kwetu. Nakusudia picha, sauti au filamu ambayo mwenyewe amekwisha kuitolea idhini hadharani, ili yeyote aitumie pasipo kumwandikia barua ya kuomba, mradi atimize masharti yaliyowekwa. Idhini zijulikanazo zaidi ni zile za shirika la Creative Commons, lililoanzishwa Marekani mwaka 2001 na kutoa idhini zake za kwanza mwezi Desemba 2002. Hazina ya Wikimedia Commons, iliyofunguliwa mwaka 2004, inazo picha za namna hiyo kwa mamilioni. Na tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook, wenye asili yake Afrika ya Kusini, umekuwa ukitoa hadithi za watoto zenye michoro katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, ili walimu wazifasiri na kuzirekebisha.

Faida yake nimeiona darasani. Nilibandika ukutani picha ya samaki wa ziwa letu, na wanafunzi wote wakaitikia: “Mukeke!” Nikawaambia kwamba wavuvi wa Kigoma, katika ziwa hilihili, humwita mgebuka, na ndagala wetu kwao ni dagaa. Mmoja akauliza, “Mwalimu, basi nani anayesema sawasawa?” Swali hilo lilitushughulisha saa nzima, na sidhani kama picha ya jahazi ingelizaa swali kama hilo.

Lakini neno “huria” limezua kosa moja. Wengi hudhani kwamba kitu huria hakina mwenyewe. Sivyo hata kidogo. Katika idhini hizi mna masharti manne. La kwanza ni kutaja jina la mtunzi. La pili ni kwamba ukikirekebisha kitu, nawe ukitoe kwa wengine kwa masharti yaleyale. La tatu hukataza matumizi ya biashara. La nne hukataza kueneza kitu kilichogeuzwa. Hadithi yenye sharti hili huwezi kuifasiri kwa Kiswahili kisha ukawagawia walimu wenzako. Mtunzi huchagua mwenyewe ayatakayo, na wapo wanaoacha yote na kusamehe hata kutajwa.

Jambo hili si geni kwa watu wa Kiswahili. Watunzi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni mwa utungo, na wengine waliwaomba wasomaji wawasahihishie walipokosea. Utungo ulinakiliwa kwa mkono, ukatoka nyumba hadi nyumba, na jina likasafiri nao. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafafanua, akishirikiana na W. E. Taylor. Wazee wetu walijua kwamba kunakili ni kuhifadhi, na kwamba kunakili pasipo kutaja mwenyewe ni kupoteza nusu ya amana.

Kupoteza huko kuna madhara. Mtaani petu yuko mpiga picha aishiye kwa harusi na sikukuu. Siku moja aliiona picha yake ya ziwa katika kalenda iliyokuwa ikiuzwa, pasipo jina lake na pasipo yeye kupata hata faranga moja. Basi nilipomwendea kuomba picha za soko la samaki, kwa ajili ya darasa langu na ya walimu wengine, alinijibu, “Mwalimu, wewe chukua. Lakini hao wa kalenda je?” Nikamweleza masharti yote manne, na sikumficha yaliyo mazito: kwamba idhini ikishatolewa, aliyeipokea na kufuata masharti yake hanyang’anywi tena, na kwamba akikataza biashara, hata mchapishaji wa vitabu vya shule avyuzavyo itambidi amwendee kwanza. “Na aje,” akasema, “tutazungumza.”

Picha zilikuwa tatu, naye alitoa mbili. Ya tatu, nzuri kuliko zote, ilionyesha sura ya mama muuza samaki. Akairudisha bahashani akisema, “Hii si yangu peke yangu. Huyu mama sikumwuliza.” Kwa maneno hayo alinikumbusha jambo ambalo idhini hizi hazilimalizi: ruhusa ya mpiga picha si ruhusa ya mpigwa picha.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, yafaa chini ya kila picha tuandike mambo manne: jina la picha, jina la mtunzi, mahali ilikotoka, na idhini iliyotolewa nayo. Kama tumeigeuza, tuseme hivyo. Wala kazi hiyo tusiifanye peke yetu; tuwaachie wanafunzi. Wataandika kwamba picha *imepigwa* na fulani, *imechukuliwa* mahali fulani, *imetolewa* kwa sharti fulani, *imepunguzwa* upande wa kushoto. Kauli ya kutendwa, ambayo twazoea kuifundisha kwa sentensi zisizomhusu mtu, hapa itamhusu mtu mwenye jina lake na jasho lake. Nao watakapoanza kupiga picha zao za Bujumbura na kuwapa wenzao wa Kigoma, Bukavu na Mombasa, watajua jinsi ya kutoa, na watajua pia la kudai.