Kabati Limefungwa, Njia Iko Wazi

Chuo, wizara au halmashauri yenye mtandao huwa na programu inayoandika kumbukumbu zake: kompyuta ipi iliingia, saa ngapi, ikaelekea tovuti gani. Kumbukumbu hizo mara nyingi husafirishwa hadi kwenye kanzidata iliyo katika seva nyingine. Wanafunzi wangu huyahesabu hayo kuwa mambo ya mafundi. Mimi nayaona kuwa daftari la maisha ya watu.

Katika taasisi moja nisiyoitaja, fundi kijana alinionyesha daftari hilo likiwa safarini. Chumba cha seva kilikuwa na kufuli mbili, lakini kumbukumbu zilipita kwenye nyaya bila kusimbwa, na aliyeweza kunasa mawasiliano ya ndani alizisoma mstari kwa mstari. Mmoja ulionyesha kompyuta ya ofisi fulani ikifungua ukurasa wa kutoa taarifa za rushwa, saa ya chakula cha mchana. Hatukutafuta mwenye kompyuta. Bosi wake angemtafuta.

Tatizo mara nyingi huanzia kwenye mpangilio wa awali. Programu inayoungana na PostgreSQL, isipoelekezwa vingine, hutumia “prefer”, yaani: simba ukiweza, ukishindwa endelea tu. (Utaratibu huo naufahamu vyema kutoka ofisi zisizo hata na kompyuta.) Kinachohitajika ni “verify-full”: mawasiliano yasimbwe, cheti cha seva kithibitishwe, na jina lililo kwenye cheti lilingane na la seva tuliyoikusudia. Pasipo uthibitisho huo, twaweza kumkabidhi tapeli siri zetu zikiwa zimefungwa vizuri.

Kilichonikera zaidi ni ruhusa. Programu ile iliingia kwa akaunti ya msimamizi mkuu, ilhali kazi yake ni kuongeza kumbukumbu tu. Anayeinasa nywila hiyo hasomi peke yake. Anafuta pia, na nyayo zake zinapotea.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa zetu azilinde. Basi, ndugu mtumishi wa umma, kiulize kitengo chako cha TEHAMA kwa maandishi: je, programu ya kumbukumbu inaweza kufuta ilichokiandika? Nakala ya barua baki nayo.