Mchumia Juani

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Hata hivyo, wasomaji wapenzi, muhula uliopita methali hiyo ilinitoa jasho, nami nimeona niwasimulie.

Mwalimu wetu wa Historia alitupa mjadala: "Ujamaa ni bora kuliko ubepari." Mimi niliwekwa upande wa kuutetea ujamaa. Nilifurahi ghaya! Nikawaeleza wenzangu jinsi Mwalimu Nyerere alivyotangaza Azimio la Arusha mwaka wa 1967, benki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma, watu wakahimizwa kuishi na kulima pamoja vijijini, hata wazee wakafundishwa kusoma. Ubepari nao, nikasema, tunauona hapa hapa Kericho katika mashamba makubwa ya kampuni yaliyoanza enzi za mkoloni, miaka ya 1920. Mjomba wangu alichuma chai katika shamba moja kama hilo kwa miaka kumi na tisa. Mashine za kuchuma zilipoletwa, akaambiwa arudi nyumbani. Mashine hufanya kazi ya watu wengi, lakini haina watoto wa kulipiwa karo. Darasa zima likapiga makofi.

Upande wa pili nao haukulala. Msichana mmoja akasimama.

"Mbona huko Tanzania watu wengine walihamishwa kwa nguvu miaka ya sabini, na miaka ya themanini sabuni na sukari zikawa adimu madukani? Na huyo mjomba wako, si kampuni ilimpa nyumba na zahanati?"

Nikameza mate. Nikakimbilia njia ya katikati. Nikasema hata Serikali ya Kenya, katika Waraka Nambari 10 wa 1965, iliita njia yake Ujamaa wa Kiafrika, ingawa iliruhusu mtu awe na mali yake. Na sisi wakulima wadogo tuna KTDA, iliyoanzishwa mwaka wa 1964 kama shirika la serikali, ikawa ya wakulima mwaka wa 2000 kupitia viwanda vyao. Kila mtu ana shamba lake, lakini kiwanda ni chetu sote kwa hisa. Tunalipwa kwa kilo kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Bei huamuliwa mnadani Mombasa, ndiyo, lakini faida ni ya mwenye kuchuma.

"Ya mwenye kuchuma?" akauliza. "Kwenu nani huchuma?"

"Mama."

"Na namba ya chai ni ya nani?"

Ulimi ukanikauka. Namba ni ya Baba. Hisa ni za Baba. Bonasi huingia akaunti ya Baba. Mama ndiye huamka alfajiri, akajifunga plastiki kiunoni kwa sababu ya umande, akachuma majani mawili na kichipukizi mpaka kikapu kijae, kisha akasimama foleni kituoni hadi karani apime. Mwaka jana bonasi ilipotoka Oktoba, Mama aliomba viatu vya mpira vya kuchumia. Alivipata Krismasi. Mimi nililipiwa karo, nikanyamaza.

Tulishindwa mjadala, tena vibaya.

Jioni nilimsimulia Baba. Kwetu mtoto hamuulizi baba mambo ya pesa, kwa hivyo nilimweleza kana kwamba ni habari za shule tu. Akanywa chai yake mpaka ikaisha.

"Huyo msichana ni wa nani?" akauliza. Basi, hakuongeza neno. Nikajua nimeharibu.

Lakini Jumamosi iliyofuata akavaa koti lake, akamwambia Mama, "Chukua kitambulisho twende kiwandani." Sasa michai ya upande wa mtoni ina namba ya Mama. Si mingi, na bonasi yake ya kwanza bado haijatoka.

Ndugu zangu, ubepari na ujamaa tutaulizwa katika mtihani, na ni lazima tuvijue. Lakini tukisifu mfumo wowote ule, tuulize kwanza nani huchuma juani na nani hula kivulini. Tena tuanzie kuuliza nyumbani kwetu.