Harufu ya Petroli Kwenye Njia ya Kendu Bay

Kisumu ni jiji la kuzuru kwa pua, msomaji mpenzi. Shuka bandarini alfajiri na upepo wa ziwa utakuletea harufu ya magugumaji. Pitia Obunga ukutane na mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kukatwa viwandani, ikikaangwa katika mafuta yanayochemka. Siku ya Jumapili nenda Kibuye, soko linapofurika, unuse omena, mitumba na vumbi kwa pamoja. Hizo ni harufu za riziki na mgeni huzizoea upesi. Ila kuna harufu moja ambayo hupaswi kuizoea, nayo ni ya petroli ndani ya gari lililobeba watoto.

Nilikumbana nayo nilipokuwa naelekea Kendu Bay na familia ya mwalimu mmoja wa sekondari. Gari lao ni Toyota ya zamani, ile aina ya buti refu, ambayo ilizaliwa na injini ndogo ya kabureta. Miezi michache kabla ya safari yetu, gereji moja ambayo sitaitaja ilikuwa imeitoa injini hiyo na kuweka nyingine kubwa zaidi, iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali. Mwalimu alijivunia gari lake sana, na ukweli ni kwamba lilikuwa na mbio.

Tulijaza tangi na kuondoka jijini asubuhi na mapema. Hapakuwa na harufu yoyote. Barabara inayotoka Kisumu kuelekea mashariki hupita katika uwanda wa Kano, na kufikia Ahero utaona mashamba ya mpunga yamelala pande zote, kijani kibichi, na korongo weupe wakitembea matopeni kama wakaguzi. Mradi huo wa umwagiliaji ulianzishwa mwaka 1969, na mchele wake huuzwa kando ya njia. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini usidanganyike ukadhani kuna baridi. Kufikia saa tano jua la Kano huwa limekwisha kuwasha moto.

Baada ya Ahero twashika njia ya Kisii, na mjini Katito twakata kulia kuelekea ziwani. Hapo ndipo msichana mdogo aliyeketi kiti cha nyuma alipolalamika, "Baba, kichwa kinaniuma." Mama yake akasema amesikia harufu tangu Ahero, ila alidhani ni lori lililokuwa mbele yetu. Sisi wa mbele tulikuwa hatujanusa chochote. Mwalimu akaegesha gari na kufungua boneti. Injini ilikuwa kavu, hakuna tone. Akasimama kidogo akifikiri, kisha akageuza gari, akaamuru madirisha yote yafunguliwe, nasi tukarudi Kisumu. Watoto walinuna, lakini naona aliamua vyema.

Kumbuka, msomaji, kwamba petroli si jambo la mzaha katika sehemu hizi. Mwezi wa Julai mwaka 2021, lori la mafuta lilipinduka huko Malanga, katika barabara ya Kisumu kwenda Busia. Watu walikimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 10 wakafa. Kilichowaua si maajabu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, sembuse jua la Nyanza. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai kama moshi wa jikoni. Hutambaa chini, ukajaa mabondeni, na ndani ya gari hutulia pale chini wanapoketi wadogo.

Karibu na Kibuye kuna mafundi wa jua kali ambao hawana ukuta wala paa la maana, ila wana akili iliyoiva. Tulipelekwa kwa mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Jaduong', kwa heshima ya umri wake. Jambo la kwanza alilofanya ni kututaka tulisukume gari mbali na kibanda cha mchomeleaji aliyekuwa akirusha cheche jirani. Kijana mmoja aliyekuwa na sigara akafukuzwa bila adabu nyingi. Baada ya hapo ndipo alipoketi juu ya tairi na kuanza maswali, kama daktari.

"Mwalimu, harufu huja asubuhi gari likiwa baridi?"

"La, Jaduong'. Huja baada ya mwendo."

"Tangi likiwa nusu?"

Mwalimu akafikiri. Hapana, ni likiwa limejaa.

"Na nani aliyeisikia kwanza?" Msichana akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Vyema, nyathina. Wewe ndiye fundi wetu leo."

Majibu hayo matatu yalikuwa yamekwisha kumpeleka nyuma ya gari kabla hajashika spana. Hata hivyo alianza mbele, na akatueleza sababu. Injini ya kabureta hupelekewa petroli kwa nguvu ndogo sana. Ile mpya hunyunyiziwa petroli kwa mgandamizo ulio karibu mara 10 zaidi. Fundi akiacha mipira ileile ya zamani na klipu zilezile, petroli itajipenyeza hata pale pasipoonekana tone, kwa kuwa hukauka papo hapo juu ya injini ya moto. Akafuta kila kiungo kwa kitambaa, akawasha injini, akaweka karatasi nyeupe chini. Karatasi ilibaki nyeupe. Mipira ilikuwa mipya na ya aina inayofaa, kwa hiyo hapo gereji ile ilifanya kazi yake.

Kisha akatuambia sote tuondoke, twende tukanywe chai. Pua ni kama mlinzi wa usiku, alisema, husinzia. Ni kweli kabisa. Ukikaa ndani ya harufu kwa dakika chache huisikii tena, nawe utaapa kwamba imekwisha ilhali imo. Tulipewa robo saa ya hewa safi. Nasi tuliporejea, Jaduong' alikuwa ameinua zulia la buti. Hatukuhitaji kuambiwa.

Palikuwa na kipande cha mpira mwembamba, mdomo wazi, kikichungulia karibu na shingo ya tangi. Tangi lazima lipumue, la sivyo hubonyea petroli inapopungua au hufura joto linapopanda. Katika gari hili, pumzi hiyo ilikuwa ikipelekwa mbele kwenye mkebe mdogo wenye makaa, ambayo hunasa mvuke hadi injini iuvute na kuuchoma. Injini kubwa ilipoingizwa, mkebe ulikosa nafasi ukatupwa, na mpira ukakatwa na kuachwa ndani ya buti. Isitoshe, mfumo mpya hurudisha tangini petroli isiyotumika, nayo hurudi ikiwa imepata joto. Ongeza jua la Kano, ongeza tangi lililojaa, na madirisha ya mbele yaliyo wazi ambayo huvuta hewa kutoka nyuma. Ndiyo sababu harufu ilingoja Ahero.

Mtazamaji mmoja (hawakosekani kamwe Kisumu, na wote ni mafundi) akashauri mpira huo uzibwe kwa kigingi na mambo yaishe. Jaduong' hata hakumjibu. Alituma kijana akatafute mkebe wa makaa kwa wauza vipuri vya mitumba, akaufunga kando ya redieta, akapitisha mpira mpya wa petroli chini ya gari na kuubana mbali na bomba la moshi. Kazi ilimaliza alasiri yote. Nilipomuuliza kwa nini hakuchomelea kishikizo hapohapo chini ya tangi, alinitazama kwa huruma. Tangi, alisema, halichomelewi likiwa garini, na lililo tupu ndilo la kuogopa zaidi, maana limejaa mvuke na hewa.

Zamani gari likitoka kwa fundi lingepelekwa moja kwa moja kuoshwa pale Lwang'ni, ambapo vijana walisimama ziwani hadi magotini wakisugua magari huku wenye magari wakila ngege. Vibanda vile vilibomolewa mwaka 2019. Waosha magari wa ufuo wa Kisumu wanajulikana hadi ng'ambo, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI walijifunza mengi juu ya kichocho kutokana nao.

Jumamosi iliyofuata tulijaza tangi tena, makusudi, tukaondoka wakati jua ni kali. Ahero ikapita, Katito ikapita, na msichana akawa ndiye mkaguzi, akinusa na kutoa ripoti kila kituo. Kendu Bay tuliingia saa saba. Nje kidogo ya mji liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo wazee husimulia kwamba lilimeza kijiji kilichomfukuza bikizee mgeni usiku. Tuliteremka kutazama heroe. Maji yake ni ya magadi na yana uvundo wake, na msichana alifunga pua na kutangaza kwamba safari hii si gari.